Farasi Arobaini kwa Boti ya Mjomba

Kijijini, 29 Aprili 1983

Mjomba Ignati,

Ni mimi Evon, mtoto wa dada yako. Mwandiko wangu unaujua, darasa la nne halifiki mbali, kwa hiyo soma taratibu. Natumaini barua itakukuta umekula na chakula kimekaa tumboni. Mama anakusalimu sana. Mzima, isipokuwa kifua. Kuna asubuhi anakaa kitako kitandani anavuta pumzi kama mtu aliyepanda kilima na ndoo za maji, halafu inapita, anaamka anawasha jiko kama hakuna kitu. Binamu Nikifor naye anakusalimu. Anasema ukizidi kukaa Anchorage utazoea kula majani na ukirudi hatutakupokea. Barafu ya mto bado imelala ila pembeni imeshakuwa nyeusi. Itaondoka. Sisemi lini.

Mama anauliza kama hapo hospitalini bado wanakufunga kwenye ile mashine ya kuosha damu siku zilezile.

Sasa neno lenyewe. Injini yako ya boti, ile ya nguvu za farasi kumi na tano, imekufa. Maji yalibaki ndani wakati wa baridi, yakaganda, yakaipasua. Niliifungua yote juu ya meza nikaitazama mpaka mama akasema nitoe, anataka kukanda unga. Boti yenyewe haina neno, nimeilaza kifudifudi nyuma ya banda. Lakini boti ya bati bila injini ni beseni tu.

Mwalimu wa shule anahama. Ana injini ya arobaini, bado nzuri. Hataki pesa, anataka tubadilishane na pikipiki yako ya theluji aende nayo kwao. Naomba ruhusa yako.

Najua boti ni futi kumi na nne. Lakini Mjomba, wewe ulikuwepo siku ile ya baba. Wewe ndiye uliyeshika injini. Kutoka kambi ya samaki mpaka hospitali ya Bethel tulienda kutwa nzima, na tulipofika wakasema tumechelewa. Mimi nilikuwa mbele na mti wa kupimia kina, naisikia ile kumi na tano inalia nyuma yangu, inalia tu, haiendi. Mpaka leo naisikia. Na sasa mama ana hicho kifua na kule kambini daktari wetu ni mbu. Nikiwa na arobaini namfikisha kabla mtu hajamaliza kunywa chai.

Nimewauliza watu hapa, wanatazama pembeni. Nijibu wewe.

Evon


Anchorage, 12 Mei 1983

Kaka Panruk,

Barua yako ilifika, nesi akaniletea akasema leo umepata bahasha yenye harufu ya samaki. Nikamwambia hiyo ndiyo harufu ya watu. Nimefurahi. Mwambie dada yangu nimesikia kifua chake kutoka huku. Ajifunike. Mimi wananifunga, wananifungua, wananipa mkate laini kama pamba. Mzee tuliyekuwa naye chumbani, wa kutoka pwani kule, kitanda chake kimeshatandikwa upya. Sikuuliza.

Kaka, unaandika kama mtu anayeomba. Ulipozaliwa nilivuka mto na barafu mbovu kuja kukutazama, mama yako akaniambia, kaka yetu marehemu Panruk amerudi, nimempa mtoto jina lake. Tangu siku hiyo sijakuita vingine na sitakuita. Kaka yangu alinilea, akiwa na kipande kimoja cha nyama alikuwa anasema ameshiba. Sasa mimi ni nani wa kumwambia hapana? Ukitaka pikipiki ya theluji, chukua. Ni yako tangu zamani.

Injini ya arobaini niliwahi kuibeba mimi na mtu mwingine, kuipandisha ufukweni. Ni nzito kama shemeji mnene aliyelewa. Nakuambia hivyo tu, kukuchangamsha.

Bafu la mvuke siku hizi mnawasha lini? Na yule jike la mbwa wangu, bado anabweka akiona ndege?

Mdogo wako,
Ignati


Kambini, 9 Juni 1983

Mjomba,

Tumeshahamia kambini. Barafu iliondoka kwa kelele, ikabeba choo cha jirani, kikaenda kimesimama wima kama kinasafiri. Mama anakusalimu. Salmoni wakubwa wameanza kuja, si wengi, wa kutosha kumfanya asikae. Kifua kiko vilevile. Jike la mbwa bado anabweka. Bafu la mvuke tunawasha Jumamosi, na siku nyingine Nikifor akijisikia.

Injini nimeshaifunga. Asante sana Mjomba.

Nikuambie ilivyo, maana wewe boti yako unaijua. Ile injini ina mguu mrefu. Ilitengenezewa boti yenye ukuta mrefu nyuma, si kama yako. Ikichovywa ilivyo, inachimba mchanga kila penye maji machache. Basi nikapachika ubao juu ya ukuta wa nyuma, nikainyanyua. Sasa haichimbi sana, ila iko juu, na nikikata kona inanivuta mkono kama mbwa aliyeona sungura. Nikifungua mafuta, pua ya boti inakwenda angani, sioni mbele. Nimeweka magunia ya mchanga kule mbele, sasa naona kidogo.

Nikifor alikuja kucheka. Unajua binamu ana haki yake ya utani, nami siwezi kununa. Alisimama ufukweni na chai yake, akaita watu waje watazame.

"Hicho ni kijiko kimefungiwa jiwe," akasema. "Siku utakayofungua mafuta yote, boti itabaki hapahapa na injini itakwenda Bethel peke yake. Itusalimie huko."

Nikamwambia boti yake ya futi kumi na nane na injini ya ishirini ni ng'ombe anasukumwa na mtoto. Watu wakacheka. Nilikaa nikiifikiria hiyo ya kijiko.

Lakini inakimbia Mjomba. Ile kona ya makaburi ya zamani nilifika kabla sijajua nimeondoka.

Mama nimempakia mara moja, tukatazama nyavu. Hakuniita kaka. Wewe unajua, naye ananiita kaka akifurahi, na asipofurahi haniiti chochote. Hawezi kunigombeza. Nikiwa mdogo nilidhani ni raha. Nilimtazama mikono jinsi alivyoshika ukingo wa boti. Kucha zilikuwa nyeupe.

Wewe unaonaje?

Evon


Anchorage, 21 Juni 1983

Kaka,

Nimecheka choo kilichosafiri mpaka nesi akaja kupima mapigo ya moyo. Salamu kwa dada. Mwambie aniwekee vichwa vya samaki, nataka kuona kwenye ndoto kama bado vina ladha. Huku giza haliingii na mapazia yao mabovu, kwa hiyo silali, natazama magari. Nimechoka na magari.

Unaniuliza naonaje. Mimi mdogo wako naonaje? Nina ombi tu.

Chagua siku maji yametulia. Weka boti majini na hiyo injini juu yake. Ingia wewe, aingie dada, tangi la mafuta liwe limejaa, na mabeseni mawili ya samaki kama mnavyopakia kwelikweli, siyo kama mnavyopakia mkitazamwa. Kaeni kwenye nafasi zenu. Mwombe Nikifor aingie majini na buti zake asimame upande wa nyuma, aweke kiganja kutoka ukingo mpaka maji. Pale mlipofunga injini, siyo pembeni. Mbele msiangalie, mbele ya boti ni mwongo. Halafu uniandikie ni viganja vingapi.

Nyuma ndani kuna kibati kimepigiliwa. Kisugue magamba utaona. Kinasema mwisho farasi ishirini na tano. Waliokiandika walihesabu watu wakavu wanaokwenda kuvua kwa kijiti Jumapili. Hawakuhesabu samaki, hema, mbwa na wakwe. Mimi nilipoinunua niliweka kumi na tano, watu wakanicheka. Ishirini ningeweka kama ningepata. Ishirini na tano, labda, na mtu mmoja ndani.

Kingine. Hiyo injini ni mtu mzima ameketi nyuma yako. Haondoki, hahami mbele boti ikilemea, hachoti maji. Na ukiwa mbio ukaachia mafuta ghafla, lile wimbi uliloliburuta halijui kwamba umesimama. Linakuja. Sisemi linafanya nini.

Ndivyo ninavyofikiri nikitazama magari.

Ignati


Kambini, 25 Julai 1983

Mjomba,

Samahani nimechelewa. Samaki walikuwa wengi halafu mvua ikanyesha wiki nzima, vitundikio vyote vya kukaushia samaki vikawa na nzi, tukawa tunawasha moshi mchana kutwa. Mama anakusalimu. Ulisema akuwekee vichwa, ameshaweka kwenye pipa. Anakohoa zaidi kidogo. Nikifor anakusalimu, siku hizi hacheki sana.

Ombi lako nililifanya. Nikifor alipima. Kiganja kimoja, naye kiganja chake chembamba. Nilimwambia apime tena. Akapima tena, kikawa kilekile, akatoka majini.

Habari nyingine ndogondogo. Tumepoteza mabeseni mawili ya samaki na debe la mafuta. Na zile buti za mama za ngozi. Ni mambo ya mto. Nguo zimeshakauka.

Injini bado iko kwenye boti, imefunikwa turubai. Kwa sasa tunatumia miguu.

Sina mengine. Usiwe na wasiwasi.

Evon


Anchorage, 3 Agosti 1983

Kaka,

Salamu zako nimezipata. Huku ni vilevile. Mimi siku nyingine nikifunguliwa ile mashine nakaa kitandani mpaka jioni kabla sijakumbuka kuvaa viatu. Matunda ya nyikani yameiva huko? Mwambie dada asiende mbali kuyachuma, yaliyo karibu yanatosha.

Na tukizungumzia viatu. Buti za dada ni zile alizoshona mwenyewe, zenye kamba zinazozunguka mguu mpaka chini ya goti. Hata nyumbani zinamchukua muda kuzivua, anakaa analaani. Buti kama zile mto hauwezi kumvua mtu. Mtu anazivua mwenyewe, tena kwa kukata kamba, anapoona atahitaji kuogelea.

Sikuulizi.

Nimeandika mpaka hapo jana nikaweka kalamu. Leo nitafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya. Kaka Panruk, nakuheshimu, naomba utoke nje kidogo. Nataka kuongea na mtoto wa dada yangu.

Evon. Hapana.

Toa ile injini kwenye boti yangu. Mama yako asiingie tena kwenye boti ile na injini ile. Wewe pia. Ningelisema neno hili mwezi wa tano lakini mdomo wangu haukuzoea kukuambia hivyo. Wote pale nyumbani midomo yetu haikuzoea. Tulikuachia jina litusemee, na jina halijui kupima boti.

Sasa habari ya baba yako, kwa sababu ndiyo unayoikimbilia.

Baba yako hakufia njiani. Alikufa pale kambini, ufukweni, tunamshusha. Nilikuwa nimemshika mabegani, nikasikia. Mama yako alikuwa ameshika miguu, akanitazama, akajua. Wewe ulikuwa unakuja kutoka bandani unakimbia na blanketi. Alilichukua lile blanketi akamfunika mpaka kidevuni kama mgonjwa, akakuambia kaa mbele, shika mti, tuangalizie kina. Nikavuta kamba nikawasha injini. Hatukupanga. Mvulana akipewa kazi siku kama ile, siku inapita.

Kwa hiyo ile kumi na tano haikushindwa. Mimi ndiye niliyeishikilia. Ingeweza kwenda zaidi, nami sikuifungulia. Tulikuwa tunampeleka, hatukuwa tunamkimbiza. Mama yako alikuwa amemwekea kichwa mapajani, sikutaka boti irukeruke. Wewe uliangalia mbele njia nzima, hukugeuka hata mara moja, nikashukuru, halafu miaka ikapita na hakuna aliyepata siku nzuri ya kukuambia. Farasi arobaini, farasi mia, wote wangefika na kitu kilekile.

Nimechoka kuandika. Jambo la mwisho. Nakuja nyumbani. Nimewaambia hapa, wakazungumza sana, wakaniletea karatasi nikatia sahihi. Nitafika Bethel na ndege ya asubuhi tarehe 26. Mkoba mmoja. Sijui kama mna boti.

Mjomba wako


Kambini, 14 Agosti 1983

Mjomba Ignati,

Mama anakusalimu. Nikifor na watu wote wanakusalimu. Barua yako ilikuja na boti ya duka, nikapanda juu ya vitundikio nikaisomea huko ili mtu asinione uso.

Kwanza ya Julai, maana umeshaiona ukiwa huko mbali. Upepo ulikuwa unapanda mto na maji yanashuka, pale panapokuwa papana. Mama alikuwa amekohoa usiku na mimi nikataka kumfikisha kijijini kwa mama wa zahanati, pamoja na samaki, kwa sababu hakukubali kuwaacha waoze. Nilifungua mafuta sana. Likatokea gogo limelala majini, pua ya boti iko juu, sikuliona mpaka liko karibu. Nikaachia mafuta. Likaja lile wimbi, Mjomba, halina hata haraka, likapanda juu ya injini likaingia kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Maji yakafika magotini. Mama akatoa kisu chake, akakata kamba za buti zote mbili, akavua, halafu akazitumia zilezile kuchotea maji. Moja ilimponyoka, ya pili akaitupa alipopata beseni. Samaki wote walirudi mtoni. Tulifika ufukweni tunaisukuma. Mama alikamua sketi yake, akaniuliza kama nina baridi.

Sikukuandikia kwa sababu ningeandika, ingekuwa kweli.

Nimemuuliza habari ya baba. Alikuwa mezani anapasua samaki. Nikasema, Mjomba ameniandikia baba alifia wapi. Kile kisu chake cha nusu mwezi hakikusimama. Akamaliza yule samaki, akamtundika, akachukua mwingine. Nikadhani ndiyo basi.

"Ulikuwa umeushika ule mti vizuri," akasema. "Sikutaka uuache."

Akaniita Evon, siyo kaka. Nikakaa naye nikamsaidia kutundika mpaka wakaisha. Mjomba, mimi sikugeuka siku ile siyo kwa sababu nilikuwa natazama kina. Nilikuwa simsikii baba akikohoa. Ndiyo maana sikugeuka.

Injini nimeitoa. Nikifor ameichukua, imekaa kwenye boti yake ya futi kumi na nane bila ubao wala magunia, mguu wake umefika pale unapotakiwa. Mimi nimechukua ishirini yake, ina mguu mfupi. Alitaka kunicheka, akasema sasa yule mtoto anayesukuma ng'ombe ni wako, halafu akanisaidia kuibeba. Tukapima kama ulivyosema, na mtu mwingine wa ziada katikati, na mkoba. Viganja viwili na vidole viwili. Nikifungua mafuta pua inanyanyuka kidogo inalala. Nikiachia ghafla wimbi linagonga nyuma linarudi. Nimejaribu peke yangu, mara nyingi, mama akiwa nchi kavu.

Kifua cha mama hakitangoja ishirini, najua. Kwa hiyo mwakani hatutakuja kambi hii. Tutapasulia samaki pale chini karibu na kijiji, ambapo mtu anaweza kutembea mpaka zahanati. Samaki wa pale ni wachache. Mama amekubali, alilaani kidogo kwanza.

Hukuniambia nani atakuosha damu huku. Niliisoma barua mara nyingi nikitafuta mahali uliposema. Sitauliza. Nimetandika kitanda kando ya dirisha la mtoni, na Jumamosi ya tarehe 27 bafu la mvuke litawashwa, Nikifor ameshapasua kuni.

Tarehe 26 nitakuwa Bethel ufukweni, mama pia, amekataa kubaki. Kwa ishirini na watu watatu, tukipandisha mto, tutatoka asubuhi na kufika jioni, upepo ukituruhusu. Vaa nguo nzito. Wewe utakaa katikati, umeegemea mkoba wako. Mama amesema mbele atakaa yeye na mti. Mimi nitakuwa nyuma nimeshika injini, nitakwenda taratibu, na safari hii nitawatazama nyote wawili njia nzima.

Evon